Mzee na mkewe, farasi 14 na elki 60: ninayoyaona shambani huku Saskatchewan

Ng'wanaMeatu (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Wale mnaonijazia inboksi mkiuliza "huko Kanada unafuga nini hasa", nimeamua nimalize kwa uzi mmoja. Mimi sifugi. Wanaofuga ni mzee mmoja na mkewe, mimi ni kijana wao wa kazi, mwaka wa tatu sasa. Mke wangu ndiye aliyenileta huku, ni muuguzi Saskatoon, mji ulio jimbo hili la Saskatchewan. Cheti changu cha uhasibu hakikufua dafu, nikarudi kwenye kile nilichokulia: mifugo.

Shamba liko mwendo wa saa moja na nusu kaskazini ya mji. Nawaita Mzee na Mama. Mwanzoni Mama aliniuliza kwa nini namwita hivyo ilhali anao wanawe watatu na mimi simo. Nikamwambia kwetu ukimwita mtu wa umri wake kwa jina lake la kwanza, aliyekulea ndiye anayetukanwa. Alinyamaza. Siku hizi akinipigia simu anaanza yeye mwenyewe: "Mama hapa."

Mwaka 1994 waliuza nyumba yao mjini Regina wakanunua robo. Huku ardhi ya kilimo imekatwa miraba, na robo ni ekari 160. Ukubwa huo ni wa tangu sheria ya 1872, walowezi walipokuwa wakigawiwa ekari hizo 160 kwa ada ya dola 10. Hawa wangu hawakugawiwa, walikopa.

Watu wakisikia "mume na mke wametimiza ndoto yao" wanadhani ndoto ilikuwa moja. Hapa zilikuwa mbili. Mama alitaka farasi tangu yuko binti. Mzee hakuwataka farasi hata kwa kuchora, kwake farasi ni mdomo upande mmoja na bili ya daktari upande wa pili. Yeye alitaka elki, kwa sababu miaka ile elki alikuwa dhahabu. Wakapatana: elki wazalishe pesa, farasi wazile. Nitawasimulia ilivyogeuka.

---

Kigoda

Nimekaa mkao wa kula. Shusha mkuu.

---

Binti Urambo

Kabla hujaendelea, elki ndiyo mnyama gani? Ni pofu? Maana pofu na elki kwa Kizungu vinanichanganya.

---

Ng'wanaMeatu

Binti Urambo si wewe tu, hata mimi nilipoambiwa kwenye simu nilidhani nakwenda kuchunga pofu. Pofu ni wa kwetu, jamaa ya ng'ombe, pembe zake hazidondoki. Elki ni jamaa ya kulungu wa nchi za baridi. Ulaya jina hilo wanampa mnyama mwingine kabisa, ndiyo maana wengine wanamwita wapiti. Hilo ni neno la wenyeji wa Amerika, maana yake "matako meupe", na ni kweli: akikupa mgongo unaona duara jeupe kama sahani.

Dume mkubwa ana kilo 350 hadi 450, jike kama 230. Pembe anazo dume peke yake. Anazidondosha kila mwaka Machi au Aprili, zinaanza upya toka sifuri, na zikishika kasi zinaongezeka zaidi ya sentimita 2 kwa siku. Mwezi Mei ukipita asubuhi na ukapita tena wiki ijayo, unaona tofauti kwa macho.

Kulungu wa kwetu nimeazima jina tu, wataalamu msinishushie rungu.

---

Fundi Waya

Hao 60 unawazuiaje? Mbuzi 10 tu wananitoa jasho.

---

Ng'wanaMeatu

Fundi, umegusa penyewe. Uzio.

Elki anaruka. Waya wa ng'ombe kwake ni mstari wa kuchora. Uzio wake ni wavu wa chuma wa futi 8 kwenda juu, mita 2.4, na nguzo zake unazizamisha ardhini zaidi ya mita moja. Robo ina mzunguko wa kilomita 3.2. Mzee aliweka nguzo kila hatua sita au saba, piga hesabu mwenyewe, zinapita 500, na hapo hujahesabu uzio wa ndani wa kutenganisha madume, majike na farasi. Uzio ulimeza pesa kuliko elki wa kwanza, na elki wa kwanza hawakuwa bei rahisi: jike mmoja mwenye mimba, mwaka 1995, walimlipia dola 9,000. Walinunua sita, na dume mmoja.

Uzio nao hauishi. Theluji ikilundikana upande mmoja inakuwa ngazi. Februari mwaka jana tulikuta rundo limefika kifuani mwa wavu, tukatumia siku nzima na koleo kulishusha, kwa sababu elki akigundua anaweza kutembea juu yake atatembea. Na akitoka si kama ng'ombe wa jirani, unampigia simu ofisa wa wanyamapori kabla hujamtafuta.

Sasa kosa langu la wiki ya kwanza. Nimekulia Meatu, ng'ombe unawapeleka kwa mluzi na fimbo. Nikaambiwa nihamishe majike 11 toka boma moja kwenda jingine. Nikaingia, nikapiga mluzi wa nyumbani, ule wa vidole viwili. Wakuu, walilipuka. Hawakukimbia, walilipuka. Mmoja alijibamiza kwenye wavu akakunja shingo, nikajua nimeshaua mtaji wa mtu. Aliinuka, damu puani. Mzee alikuja taratibu, hakunigombeza. Akachukua ndoo ya shayiri, akaitikisa mara mbili, akawapa mgongo akaanza kutembea. Wote 11 wakamfuata, hata yule wa damu.

Elki hasukumwi. Anafuata, au hafiki.

---

Mjasiriamali wa Kweli

Mkuu tuachane na mashairi. Pesa iko wapi? Nyama?

---

Ng'wanaMeatu

Nyama ipo, haina mafuta, bei yake inashinda ya ng'ombe. Lakini iliyowaleta watu kwenye elki miaka ya tisini ni pembe changa.

Zikiwa bado zinaota, hazijawa ngumu, zimefunikwa na manyoya laini kama mahameli na ndani zina damu ya moto. Ukizishika unahisi joto kama paji la mtoto mwenye homa. Ukifika Juni, siku kama 65 tangu zianze, ndipo zinakatwa. Dume anaingizwa kwenye krashi, humo ndani giza (giza linamtuliza), kuta zimewekewa sponji, zinambana mbavu. Inapigwa sindano ya ganzi kuzunguka shina la pembe, unasubiri, unafunga mpira kuzuia damu, msumeno. Dakika chache. Dume mzima anatoa kilo 10 na zaidi, zinawekwa kwenye friza siku hiyo hiyo.

Mnunuzi alikuwa Korea Kusini. Wakorea wanaiita nokyong, ni dawa ya nguvu kwao tangu enzi. Kama inafanya kazi msiniulize mimi. Mzee nilimwuliza akasema, "Mimi nauza, sinywi."

Basi, 1996 ugonjwa wa elki kukonda ukagunduliwa kwa mara ya kwanza kwenye shamba hapa Saskatchewan. Ulianza kuonekana 1967 Colorado, kwa kulungu waliofungiwa kwenye kituo cha utafiti, na huku uliingia kwa wanyama walionunuliwa Marekani. Mashamba yakaanza kufungwa, maelfu ya elki wakachinjwa na serikali. Desemba 2000 Korea ikafunga mlango, hawataki tena pembe toka Kanada.

Mzee anasimulia kwamba jike wake wa dola 9,000, msimu uliofuata, hakupata mtu wa kumpa hata 500.

---

Chai Haina Sukari

Hii chai. Mnyama wa milioni 9,000 awe 500 kwa msimu mmoja?

---

Kigoda

Dola mkuu, si milioni. Soma vizuri. Halafu wewe hukumbuki sungura? Hukumbuki kware? Watu Kenya na Bongo waliuza mashamba wanunue kware, yai moja lilikuwa ghali kuliko la kuku. Baadaye wakawa wanawaachia waruke.

---

Ng'wanaMeatu

Kigoda kamaliza. Kware ndiyo yenyewe, ila kware hana kilo 400 na huwezi kumwachia aruke.

Bei ile ya kwanza haikuwa ya nyama wala pembe. Ilikuwa bei ya mfugaji mpya kumwuzia mfugaji mpya zaidi. Wapya walipokwisha, ikabaki bei ya mnyama.

---

Nanyuki Boy

Sasa hapo ndio nilikuwa nangoja. Wakauza farasi?

---

Ng'wanaMeatu

Ndicho kilichonifanya nifungue uzi.

Benki ilitaka wauze farasi, kwenye karatasi farasi hawaingizi kitu. Jirani nao wakashauri Mzee afungue geti la mauti, awapeleke elki wote machinjioni, wabaki na farasi wa mke wakae kwa amani. Mama akakataa elki wauzwe. Mzee akakataa farasi wauzwe. Kila mmoja alikataa kwa niaba ya mwenzake! Nimewauliza kila mmoja peke yake, jibu linafanana: "Angenisamehe, lakini asingesahau."

Mzee akaenda kuendesha lori la nafaka. Mama akaanza kupokea farasi wa watu wa mjini, wale wenye mtoto anayetaka kupanda Jumamosi na hawana zizi. Akawa anawalisha kwa malipo ya mwezi, na anafundisha farasi wachanga hatamu na tandiko. Kufundisha farasi mchanga si mchezo, kavunjika kiwiko, kavunjika mbavu mbili. Miaka sita pesa ya farasi ndiyo ilinunua nyasi za elki. Yale mapatano yao ya mwanzo yakasimama kichwa chini miguu juu, na hakuna aliyemkumbusha mwenzake.

Siku hizi elki wanajilipa: nyama, pembe zilizodondoka (watu wanatengenezea vishikio vya visu, na mbwa wanatafuna), pembe changa kidogo kwa soko la humu humu. Na madume makubwa wananunuliwa na mashamba ya uwindaji, Saskatchewan inaruhusu. Hapo bado wanagombana. Mama hapendi mnyama aliyelelewa akapigwe risasi ndani ya uzio. Suluhu yao ni kwamba dume aliyepewa jina na Mama hauzwi huko. Tatizo, kila Juni Mama anaingia bomani na kuanza kugawa majina, Mzee anamfuata nyuma anamwomba apunguze.

Kwa upande huo mimi niko na Mama, ingawa mshahara wangu unatoka kwa wale wasio na majina.

---

Mbeba Boksi Denver

Nathibitisha la majimbo kutofautiana. Mnaotaka kuiga msidhani ni ruhusa popote. Huku Marekani, jimbo la Montana, mwaka 2000 wananchi walipiga kura kuzuia mashamba mapya ya aina hii pamoja na uwindaji wa kulipia ndani ya uzio. Wyoming sheria inakataza watu binafsi kufuga elki, lakini yenyewe inawalisha elki wa porini majira ya baridi! Pale Jackson kuna hifadhi yao tangu 1912, na kwenye baadhi ya vituo vya kulishia bado nyasi zinapelekwa kwa farasi wa kukokota, si trekta. Nilidhani ni maonyesho ya watalii mpaka nilipofika.

---

Ng'wanaMeatu

Mkuu wa Denver, si maonyesho. Ngoja niwape ya Januari.

Mama ana majike mawili ya Percheron, farasi wa kazi asili yao Ufaransa, kila mmoja anakaribia kilo 850, kwato kama sahani ya pilau. Nilikuwa nawaona kama pambo la Mama. Wanakula, wanasuguliwa, wanapigwa picha.

Usiku ule ulishuka hadi nyuzi 38 chini ya sifuri. Asubuhi trekta haliwaki. Dizeli imeganda, kwenye chujio inaonekana kama samli. Elki 60 wanangoja, na kwenye baridi kali mnyama anaota moto kwa tumbo, asipokula anazimika. Robota moja la nyasi lina kilo 550, huwezi kubeba.

Mama katoka ndani amevaa koti juu ya koti, hakusema neno. Akazipasha lijamu kwanza kwapani, maana chuma cha baridi ile kikigusa ulimi wa farasi kinanata na ngozi inabaki. Dakika nzima amesimama amebana kwapa. Ndipo akawavika, akawafunga kwenye sleji, lile gari la kuburuta lisilo na magurudumu. Mimi na Mzee tukalikata robota kwa shoka na uma, tukapakia. Percheron wakaegemea kamba mara moja, sleji ikalia kriii, ikatoka. Mvuke puani mwao unaganda kwenye ndevu zao papo hapo.

Elki waliposikia kengele za hatamu walikuja wenyewe, wamejipanga kama watu wa gulio. Mzee alikuwa nyuma ya sleji anamwaga nyasi, kaniambia bila kunitazama, "Usimwambie, lakini nilikuwa nimekosea." Kumbe Mama kasikia. "Umechelewa miaka 30," akasema, akawapigia farasi ulimi waendelee.

Siku tatu tulilisha hivyo.

---

Binti Urambo

Nimelia mimi jamani 😭 lijamu kwapani!

---

Mjasiriamali wa Kweli

Sawa mapenzi tumeyaona. Nyasi wanakula kiasi gani?

---

Ng'wanaMeatu

Baridi ni siku 200 za kulisha. Farasi wa kawaida kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, 14 wanamaliza tani 28. Elki tunapiga kilo 6 kila mmoja, 60 ni tani 72. Jumla tani 100, marobota kama 180. Nyasi za farasi lazima ziwe safi, zenye ukungu zinamletea tumbo, na farasi hatapiki, kilichoingia kimeingia. Elki wanavumilia zaidi.

Na kuwachanganya boma moja, hapana. Septemba elki dume anapotafuta majike anakuwa mnyama mwingine. Anajikojolea tumboni na shingoni makusudi, ananuka kuliko beberu, na usiku kucha anapiga mbinja ndefu nyembamba inayoishia kwenye kukoroma. Mara ya kwanza nilidhani geti limekwama na upepo. Wiki hizo mtu haingii bomani kwa miguu. Dume mmoja alitoboa tairi la trekta mimi nikiwa juu yake, nikabaki nimekaa pale saa nzima, nina njaa, ananitazama.

---

Daktari wa Mazimbu

Mleta uzi, huo ugonjwa wa kukonda mnaupimaje? Kama ni jamii ya ng'ombe kichaa, basi ni prioni (protini iliyoharibika), haina chanjo wala tiba, na inakaa ardhini miaka.

---

Ng'wanaMeatu

Daktari, ndiyo huo huo ukoo. Wakiwa kwenye mpango wa serikali wa kuthibitisha kundi, kila elki wa zaidi ya miezi 12 anayekufa, hata akifa kwa kuanguka, sampuli ya ubongo na tezi inakwenda maabara. Kumhamisha aliye hai toka shamba hadi shamba nako ni kibali. Binadamu hajathibitika kuupata, lakini nyama ya aliyekutwa nao watu wanashauriwa wasile.

Novemba iliyopita jike mzee alifia usingizini. Kichwa tukakifunga mifuko miwili, Mama akakipeleka mwenyewe, kiti cha nyuma. Baada ya hapo ni kusubiri. Wiki zile nyumba haina mazungumzo. Mzee alikuwa anatengeneza geti ambalo halijaharibika. Simu ikilia Mama anaiangalia kwanza kabla hajaishika. Majibu yalikuja Alhamisi, safi. Mzee akaenda kulala saa nane mchana, akaamka kesho yake.

Jibu lingekuwa jingine, wangeondoka wote 60, na ardhi ile isingepokea elki tena kwa miaka.

---

Fundi Waya

Huku kwetu inawezekana? Sisemi elki, nasema farasi na hao pofu wetu?

---

Daktari wa Mazimbu

Ngoja nikusaidie hapo. Wanyamapori Tanzania ni mali ya umma, kufuga ni kwa kibali, anza na TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori), usianze na uzio. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na huko nako kufuga ni kwa leseni.

Farasi adui zake wawili: ndorobo, na homa ya farasi ya Afrika inayoenezwa na visubi. Punda milia anabeba virusi vyake wala haumwi sana, farasi mgeni anakufa siku chache. Ndiyo maana farasi utawakuta nyanda za juu zenye baridi, Arusha, Laikipia, na lazima wachanjwe. Punda wetu anavumilia zaidi, tunamdharau bure.

---

Nanyuki Boy

Ni kweli daktari. Huku kwetu jioni lazima farasi waingie stebo kabla visubi hawajatoka. Mwenye alisahau siku moja tu, akazika wawili.

---

Kigoda

Swali la mwisho kwa mleta uzi. Hao wazee wana umri gani, na nani atarithi?

---

Ng'wanaMeatu

Mzee 74, Mama 71. Watoto wote watatu wako mjini, wanakuja Krismasi, wanapiga picha na Percheron, wanaondoka. Hakuna anayetaka. Mzee kwa upande wake ameshaanza kupunguza, mwaka huu hanunui dume jipya.

Jumapili nimekuta Mama ameegesha gari zizini na trela nyuma. Kampeleka Percheron mdogo kwa dume, kwenye shamba la saa nne toka hapa, hakumwambia mtu. Farasi anabeba mimba miezi 11, kwa hiyo ni Mei ijayo, wakati ule ule elki wanapozaa, kazi juu ya kazi. Nikamtazama Mzee, nikadhani leo ndiyo leo.

Alizunguka trela, akakagua kufuli ya nyuma, akauliza kama farasi amekunywa maji njiani. Halafu akaniambia kesho tuanze kupanua kile chumba cha pembeni zizini, kwa mama na mtoto hakitoshi.

Narudi kazini wakuu, mbao zimefika.